Maji Yakilala

Jumamosi, mwisho wa Septemba, Riga.
Mvua imeshika dirisha la ghorofa ya saba
na nimeizima mashine niliyoiunda kwa mikono yangu,
mirija ya kioo, maji ya zambarau,
enzi zile nilipotaka kila aingiaye aseme: lo!

Leo hakuna wa kusema lo.
Zambarau imegeuka chai iliyolala,
na tangu Jumatano pampu inakoroma
kama mtu aliyelalia mkono.
Mbweha ninayemchora, nywele laki tatu,
hafiki hata mkiani:
joto linapanda digrii tisini na moja,
mashine inajizima, inaniachia kioo cheusi
chenye uso wangu.

Nafungua koki ya chini, nakinga bakuli la supu.
Yanatoka kwa kigugumizi,
yananuka maji ya maua yaliyosahauliwa.
Skrubu nne, moja moja, kwa mshazari,
kisha bamba la shaba linaachia:
ndani, mifereji myembamba kama alama za kidole gumba,
yote imezibwa kijani.

Nilijua.
Mwaka jana niliongeza maji ya bomba,
duka lilikuwa limefungwa, mbweha ana haraka.
Glasi moja tu, nilisema.
Hiyo *tu*.

Hodi. Ni Arvīds, fundi wa jengo,
anakuja kutoa hewa kwenye mabomba ya ukutani
kabla mji haujawasha joto la baridi.
Ufunguo mdogo mfukoni, kopo tupu la rangi mkononi.
Anatazama meza. "Dzintra, umechinja nini?"

Namwambia. Hacheki.
Anapitisha ukucha kwenye mapezi ya rejeta yangu,
trrr, kama anayejaribu kinanda,
kisha anaonyesha ile kubwa chini ya dirisha.
"Mtu na mdogo wake," anasema.
"Miaka thelathini na minane nafukuza hewa humu.
Maji hayana ubaya. Yakilala, huota."

Basi mimi na mswaki wa zamani na siki,
yeye chooni, amepiga magoti kwenye beseni,
anaitikisa rejeta kama mtoto wa watu.
Maji meusi. Maji ya chai. Maji ya mawingu.
Mara ya tano naona yameshatakata.
"Bado moja," anasema.

Pete mpya za mpira, ndogo, za kuvalishwa mwanasesere.
Lita mbili za maji ya betri, bila rangi safari hii.
Karatasi ya jikoni chini ya kila kiungo.
Nawasha pampu peke yake, vingine vyote vimelala bila umeme,
na tunakodoa macho, watu wazima wawili,
tukiilinda karatasi.

Wanasema maji yakimwagika hayazoleki.
Aliyesema hakuwa na karatasi ya jikoni.
Tone, hilo hapo, kiungo cha tatu.
Nashika spana. Ananishika mkono.
"Robo. Si nusu. Nusu ni hasira."

Robo.

Halafu tunaiinua, yeye huku, mimi kule,
tunailaza kushoto, tunailaza kulia,
kama wanaopitisha kabati kwenye ngazi.
Povu moja limejibanza konani, linabisha,
linapanda, linarudi,
linapanda.
Pampu inanyamaza katikati ya neno.

Anamalizia kazi iliyomleta:
ufunguo, mzomeo mrefu, matone meusi kopo zima.
Chai hataki. Ana ghorofa mbili bado.

Usiku: digrii hamsini na nne.
Mbweha ana mkia, mgongo, sikio la kwanza.
Nimeandika kwenye kipande cha plasta,
nikabandika ubavuni: *Septemba. Hata glasi, usithubutu.*
Karatasi nimeziacha palepale.
Kavu.
Nimezigusa mara tatu.